Vibwengo Wanne Barabarani: uchambuzi wa kikao kimoja cha Sinza

Kisa chenyewe ni kifupi. Jumamosi moja mchana, watu wanne ambao hawajawahi kucheza walikaa kwenye meza moja Sinza, Dar es Salaam, kuanza safari ya ngazi ya kwanza ya Dungeons & Dragons. Nusu saa haijaisha, mhusika wa mmoja wao alikuwa chini. Adhana ya magharibi ilikuta vitabu vimeshafungwa. Wachezaji wawili waliaga kwa adabu zote, wakasema watatafutana, na hawakutafutana.

Msimulizi, dada anayefundisha sekondari, alikuwa ameiandika safari ile mwenyewe kwa mkono. Aliniletea daftari na swali: "Kaka, hebu niambie imeharibikia wapi. Mbona kitabu nimekifuata?" Na kweli alikifuata. Angekuwa mvivu au mbabaishaji nisingekuwa na la kuandika. Huyu alijiandaa, akasoma kanuni, akapika na chapati, na bado kikao kikamfia mikononi.

Kwa asiyeujua mchezo: mtu mmoja anasimulia dunia, wengine kila mmoja anabeba mhusika wake na kusema anachofanya, na pale matokeo yanapokuwa na shaka dadu ndilo linaloamua. Hakuna ubao wa lazima wala mshindi wa mwisho. Ulichapishwa Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, na toleo lililotumika Sinza ni la tano, la mwaka 2014. Kanuni za msingi za toleo hilo ziliwekwa huru Januari 2023 chini ya leseni ya Creative Commons, kwa hiyo mtu yeyote anaweza kuzipakua, kuzinakili, hata kuzitafsiri kwa Kiswahili na kuuza tafsiri yake, mradi ataje zilikotoka. Nashangaa wenye muda hawajaichangamkia nafasi hiyo.

Kuhusu dadu. Madadu ya ludo yako kila duka, lakini dadu la pande 20, ambalo mchezo huu unalitumia kuliko mengine yote, ni la kutafuta kwa tochi. Msimulizi alikata vikaratasi 20, akaviandika namba 1 hadi 20, akavikunja na kuvitia kwenye kikombe. Njia hiyo ni sahihi kabisa kihesabu, kwa sharti moja: kikaratasi kirudishwe na kikombe kitikiswe kabla ya mwingine kuchota. Kisiporudi, kila namba mbaya iliyokwisha kutoka inazidi kufanya zinazobaki kikombeni ziwe nzuri, na mwenye kichwa cha hesabu ataanza kuvizia zamu. Pale Sinza walirudisha. Tatizo halikuwa kikombe.

Daftari linaanza vizuri. Msafara wa chumvi umetoka mji wa pwani kwenda bara na haukufika. Tajiri mwenye mali anawaajiri wahusika wanne waende kuangalia: askari, mganga, mnajimu na mnyatiaji. Siku ya pili njiani wanakuta punda wawili wamekufa, wamelala kukatiza barabara, mishale imewachoma mgongoni. Vichakani kuna vibwengo, wale ambao mchezo unawaita goblin. Na hapo daftari, lililotumia ukurasa mzima kueleza harufu ya soko la mji wa kwanza, linasema hivi tu: "Vibwengo 4. Wakiona watu wanashambulia."

Aliyecheza mganga ni kijana anayeuza vipuri vya pikipiki Kariakoo. Wenzake walikuwa bado wanatafuta kwenye karatasi zao silaha imeandikwa wapi. Yeye alisema mhusika wake anasimama mbali na mizoga, anaweka fimbo chini, anapaza sauti: "Hodi wenyewe! Sisi wapita njia tu. Shida yenu nini?"

Msimulizi akafunua ukurasa. Akafunua mwingine. Kisha akasema, "Hawajibu. Wanarusha mishale."

Waliobaki mezani wanasema hapo ndipo walipoanza kuchoka, kabla hata mshale haujafika. Tutarudi kwenye jambo hilo. Kwanza mishale yenyewe, maana nayo ina kesi yake.

Wahusika walihesabiwa kuwa wamevamiwa bila kujua, na kwa kanuni za 2014 aliyevamiwa hivyo hafanyi chochote katika raundi ya kwanza. Vibwengo wanne, mishale minne, bila jibu. Miwili ilimpata mnajimu. Aliyemcheza, mwanafunzi wa uuguzi, alikuwa ametumia muda mrefu kuliko wote kuchagua nguvu za mhusika wake. Hakutumia hata moja. Mganga alimwinua, akapigwa tena akarudi chini. Askari alikosa mara mbili mfululizo. Mnyatiaji akaanguka. Kuelekea mwisho vibwengo walianza kukosa kwa namna ya ajabu, na msimulizi akawa anachungulia kikaratasi na kukirudisha haraka kikombeni bila kukionyesha. Watu wazima wale waliona. Walishinda, na hakuna aliyeshangilia.

Kitabu cha 2014 kina kipimo chake cha ugumu wa pambano. Kila mhusika wa ngazi ya kwanza ana viwango vinne vya pointi: 25 ni jepesi, 50 la wastani, 75 gumu, 100 la kuua. Wahusika wanne unazidisha: 100, 200, 300, 400. Kibwengo mmoja ana pointi 50, kwa hiyo wanne ni 200, na msomaji wa haraka anaishia hapo na kusema, la wastani, twende. Lakini kuna mstari wa chini unaosema adui wakiwa watatu hadi sita unazidisha jumla mara mbili, kwa sababu wengi wanapiga mara nyingi zaidi kwa raundi. Sasa ni 400. Pambano la kufungulia safari, kwa watu waliokuwa wanauliza dadu lipi ni lipi, limegusa kiwango cha kuua, na hapo raundi ya bure ya uvamizi bado haijaingizwa.

Namba hizo hazionyeshi maumivu ya mtu mmoja mmoja. Mnajimu alikuwa na pointi 7 za uhai na ulinzi wa 12. Kibwengo anaongeza 4 kwenye namba anayochota, kwa hiyo akichota 8 au zaidi anampata, yaani asilimia 65. Mshale unaumiza kati ya 3 na 8 ukiwa wa kawaida, na ukiambatana na namba 20 unazidi. Ukipiga hesabu, mshale mmoja tu una karibu nafasi moja kati ya nne ya kumwangusha mnajimu aliye mzima. Miwili ikielekezwa kwake, uwezekano wa kuanguka unazidi nusu. Askari mwenye ngao na ulinzi wa 18 anapatwa kwa asilimia 35 tu. Ina maana kwamba pambano lilelile ni la kusisimua kwa mchezaji mmoja na ni hukumu kwa mwingine, na anayehukumiwa ni yule aliyechagua mhusika anayehitaji kusoma sana. Ukitaka kumfukuza mwanafunzi wa uuguzi kwenye mchezo, hiyo ndiyo njia.

Toleo jipya la 2024 limelegeza uvamizi: aliyevamiwa hapotezi tena zamu, anaanza tu na nafasi mbaya ya kupata zamu ya mapema. Ni dalili kwamba wenye mchezo wao wenyewe waliliona hilo.

Basi dawa ni kupunguza vibwengo? Msimulizi alidhani hivyo, na ndilo jibu alilotegemea kutoka kwangu. Vibwengo wawili kwa kipimo kilekile wanatoa 150, jepesi, na hakuna anayekufa. Lakini rudi kwa muuza vipuri na fimbo yake chini. Angepigwa na mishale miwili badala ya minne. Swali lake lingebaki bila jibu vilevile. Aliuliza kitu kinachoeleweka kabisa, kitu ambacho mtu yeyote wa Dar es Salaam angeuliza akikuta njia imezibwa, na dunia nzima ya mchezo ikawa haina la kumwambia. Mimi naona kikao kilikufa hapo. Vibwengo wale walikuwa hawataki kitu. Mtu asiyetaka kitu huwezi kuongea naye, kumdanganya, kumtisha, kumhonga wala kumwonea huruma. Unabaki na kazi moja tu, kumpiga, na kupiga ndiyo kazi ambayo anayeanza haijui, kwa sababu ndiyo yenye namba nyingi zaidi kwenye karatasi yake.

Anayeanza hakuja mikono mitupu. Anajua kuamkia mkubwa, anajua kupatana bei, anajua kusoma uso wa mtu anayesema "hiyo bei ya mwisho" wakati siyo ya mwisho. Safari ya ngazi ya kwanza inayomnyima nafasi ya kutumia hayo inamwambia avue alichonacho mlangoni.

Na mfano wa kufuata haukuwa mbali. Msimulizi alikwisha kuchukua chumvi, pwani, msafara na bara kutoka historia yetu. Aliacha kitu kimoja. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji haikupita bure. Ugogo, ambako maji ni haba, watemi walitoza hongo, ada ya kupita na kutumia visima, nayo ililipwa kwa vitambaa vya merikani na kaniki, shanga na nyaya. Wasafiri wa Kizungu waliopita huko wamejaza kurasa wakilalamikia malipo hayo, na ukisoma malalamiko yao kwa jicho la mtunga michezo unaona mambo ya kuchezea tupu: siku za kungoja, wajumbe kwenda na kurudi, zawadi inayokataliwa kwa kuwa ni ndogo, wapagazi wanaonung'unika, kiu inayomlazimisha tajiri kukubali. Mtu kasimama njiani na mishale, na wewe una mzigo wa nguo na maji yamekwisha. Hakuna aliyekosa sababu.

Mchezo wenyewe, zamani, ulikuwa na chombo cha jambo hili. Katika toleo la Basic la 1981, ukikutana na viumbe na haijulikani watafanya nini, msimulizi anarusha madadu mawili ya pande sita na kujumlisha. Ikitoka 2, wanashambulia papo hapo. 3 hadi 5, wana uhasama na huenda wakashambulia. 6 hadi 8, hawana uhakika. 9 hadi 11, hawashambulii; wanaondoka au wanasikiliza mnasema nini. 12, wamewapenda. Hesabu njia zote 36 ambazo madadu mawili yanaweza kuangukia: shambulio la moja kwa moja ni moja tu, na kusitasita ni 16. Yaani kwa kanuni ile, hali ya kawaida kabisa ya kukutana na vibwengo ni kutazamana. Pia pointi za uzoefu, zile zinazompandisha mhusika ngazi, nyingi zilitokana na hazina mnayorudi nayo, si na maiti mnazoacha, kwa hiyo kukwepa vita kulikuwa ujanja. Toleo la tano limeyaacha hayo pembeni, na wanaoanza nalo hudhani hayakuwahi kuwepo. Raha yake ni kwamba jedwali lile linataka madadu ya ludo tu. Kikombe hakihitajiki.

Nilimwambia dada aache vibwengo wanne vilevile, ila aandike mistari mitatu chini yao: wanataka nini, wanaogopa nini, watakubali nini kwa shingo upande. Alilalamika kwamba mistari mitatu kwa kila adui itamjazia daftari. Nikamwambia afute ukurasa wa harufu ya soko.

Alichoandika kilikuwa kizuri kuliko nilichotarajia. Vibwengo hao ni walinzi wa kisima. Misafara ilikuwa ikiwalipa nguo na chumvi. Tajiri huyu mpya alipita usiku bila kulipa, ndiyo maana punda wake wako chini na karani wake amefungwa kambini. Wanaogopa kitu kilichoingia pangoni kwao mwezi uliopita na kuwatoa, ndiyo maana wanalala barabarani na wana hasira. Watakubali, kwa shingo upande, malipo ya nusu na ahadi, kama ahadi imetolewa mbele ya mzee wao. Tazama kazi iliyofanywa na sentensi hizo: tajiri aliyewaajiri wahusika si malaika tena, pango la sehemu ya pili limetajwa kabla hawajalifikia, na kuna mtu wa kuokolewa ambaye vita ikianza ovyo anaweza kuuawa. Akapanga na nafasi: wawili wamesimama wazi barabarani, wawili wako juu ya mti na wanaonekana na mwenye kuangalia vizuri. Uvamizi ukaondoka.

Kikao cha pili kilifanyika na wachezaji wawili waliobaki pamoja na wageni wawili, ukurasa uleule, punda walewale. Muuza vipuri akarudi na mganga wake. "Shikamoo mzee." Msimulizi, kwa sauti ya kukwaruza: "Marahaba. Nguo ziko ngapi?" Meza ikacheka, na kuanzia hapo hakuna aliyetazama simu.

Mzee alianza na doti sita na pishi mbili za chumvi. Mganga akalia kwamba wao ni vibarua tu, mali si yao. Kibwengo akajibu kwamba hilo analijua, mwenye mali ndiye mwizi, na kwa kuwa wanamtumikia basi walipe wao. Hapo askari, mmoja wa wageni, akakataa katakata: tukilipa leo, kesho wanapandisha. Wakabishana wao kwa wao kwa muda mrefu, huku vibwengo wakisikiliza. Sehemu hii msimulizi aliiachia ijiendeshe, na alifanya vyema. Wachezaji wakianza kugombana kwa sauti za wahusika wao, kazi ya msimulizi ni kunywa chai.

Kuna jambo la kiufundi hapa ambalo watu hulikosea pande zote mbili. Je, kupatana bei kuchotewe namba? Msimulizi alitaka kuchotesha kila sentensi. Nilimshauri asichoteshe salamu wala maneno yasiyomgharimu kibwengo kitu. Achoteshe pale tu kibwengo anapoombwa kupoteza kitu alichokusudia kukipata. Basi walichota mara moja, kwa lile ombi la kupunguza hadi doti tatu na pishi moja ilipwe baadaye, na kwa sababu mganga alikuwa amejitolea kutazama jeraha la kibwengo mmoja, aliruhusiwa kuchota mara mbili na kushika namba kubwa. Lakini si kila mtu amekulia Kariakoo. Mgeni wa pili, aliyecheza mnajimu, ni mkimya. Yeye aliposema tu, "Mimi namwambia mzee tunaweza kuangalia hicho kilichoko pangoni," ilitosha. Haki ya mkimya ni kusema anachojaribu na kuchota kama wengine. Ukimlazimisha kuigiza, umemwadhibu kwa aibu yake, na hilo halina tofauti na kumpiga mishale miwili.

Vita ilitokea hata hivyo. Mnyatiaji alikuwa amezunguka nyuma wakati wa mjadala ili akamfungue karani, akachota 3, akaonekana. Mimi siihesabu kuwa hasara. Wanaodhani adui mwenye shida zake anaufanya mchezo uwe baraza la usuluhishi hawajaketi na watu wa Dar es Salaam wakiwa na mnyatiaji mezani. Wawili wa mtini walirusha mishale, askari akaangusha mmoja, na msimulizi akatumia kanuni nyingine ya 1981 niliyomwonyesha: kila aina ya kiumbe ina namba ya moyo, vibwengo wa kawaida wana 7, na anapoanguka wa kwanza wao unarusha madadu mawili, ikizidi 7, wanakimbia au wanasalimu amri. Nafasi ni 15 kati ya 36. Ilitoka 9. Mzee akapaza sauti vita isimame.

Linganisha na mara ya kwanza. Raundi mbili tu, kibwengo mmoja amekufa, hakuna mhusika aliyeanguka, na kila aliyekuwa mezani alijua vita ile ilikuwa ya nini. Bei, bila shaka, ilirudi juu: doti sita zote, na karani anabaki kambini hadi pango litakapoangaliwa. Askari aliyekataa kulipa ndiye aliyetoa nguo kwenye mzigo, kwa manung'uniko yaliyowachekesha vibwengo na watu pia.

Kuna mawili sijaridhika nayo. La kwanza, mnajimu bado ana uhai wa 7, na pangoni mazungumzo huenda yasiwepo. Nimemshauri dada awape wote pointi chache za nyongeza kwa safari hii ya kwanza tu na awaambie wazi kwamba amefanya hivyo, badala ya kuchungulia vikaratasi. Hajakubali, anasema ni kuwadekeza. La pili ni zito zaidi: tajiri. Daftari linamtaja kama mtoa kazi na mlipaji, na sasa wachezaji wanamwona mwizi wa maji. Wakirudi mjini watamdai, au watamshitaki kwa liwali, na msimulizi hana ukurasa wa liwali. Ameanza kuuandika. Kikao kijacho, kwa ombi la askari, kitaanzia kisimani, kwa sababu anataka kwanza kumuuliza mzee kama ile pishi ya chumvi inaweza kulipwa kwa kazi.